Msuko, Toni na Muundo: Fafanua, Usisimulie

Huenda umeisoma tamthilia ya Kigogo mara tatu na unaweza kuisimulia bila kufungua kitabu. Vyema. Hata hivyo, mtahini hakuulizi kilichotokea tu. Nimesahihisha majibu yaliyojaa kurasa nne za masimulizi matupu, yasiyo na hoja hata moja. Inasikitisha kumnyima alama mtahiniwa ambaye kitabu anakijua. Somo hili litakusaidia usiwe miongoni mwao.

1. Msuko

Hadithi ni matukio; msuko ni jinsi matukio hayo yanavyofungamana, moja likisababisha jingine. Tazama mfano huu. Ashua anaenda ofisini kwa Majoka kuomba msaada kwa ajili ya watoto wake. Majoka anamtaka kimapenzi, naye anakataa. Husda anawafumania, vita vinazuka, Ashua anatiwa ndani. Kisha kifungo hicho kinatumiwa kumshinikiza Sudi akubali kuchonga kinyago alichokuwa amekataa kuchonga.

Ukiishia hapo, umesimulia. Sasa jiulize: kwa nini tukio hili limewekwa hapa? Sudi ameshindwa kununuliwa kwa ahadi za zawadi, kwa hivyo utawala unamwandama kupitia kwa mkewe. Tukio hili linazidisha mgogoro na kuibua taharuki: je, atachagua familia au msimamo wake? Hiyo ndiyo hoja.

2. Toni

Toni ni hisia au mtazamo unaojitokeza katika usemi. Inaweza kuwa ya kejeli, huzuni, hasira, matumaini, kubembeleza au kutisha. Wengi huandika "toni ni ya huzuni" kisha wakaweka nukta. Toni haithibitishwi kwa kutajwa, bali kwa maneno na matendo yanayoibeba.

Msikilize Majoka. Anapomtamani Ashua, anambembeleza. Anapozungumza kama mtawala, anaamrisha na kutisha. Mabadiliko hayo yanafichua tabia yake: upole wake ni chambo. Kumbuka pia kwamba toni ya mhusika si lazima iwe ya mwandishi. Majoka anaposifu utawala wake, yeye anajivuna, mwandishi anamkejeli.

3. Muundo

Muundo ni mpangilio wa sehemu za kazi nzima: mwanzo, kati na mwisho, pamoja na maonyesho na matendo. Tamthilia hii inaanzia katika Soko la Chapakazi na kuishia penye lango la soko hilo hilo. Mwanzoni, Kenga anapoleta keki ya sherehe, Sudi anaikataa ilhali wenzake wanaila. Mwishoni, umati umesimama na Tunu. Mahali ni pale pale. Watu ndio waliobadilika. Mwandishi ametumia mpangilio huo kuonyesha kuwa ukombozi huanza na wachache kabla ya kuwa wa wengi.

Linganisha majibu

Swali: Eleza umuhimu wa tukio la kufungwa kwa Ashua katika kuukuza msuko wa Kigogo.

Jibu la kwanza: "Ashua alienda kwa Majoka, Husda akaja, wakapigana, akafungwa."

Jibu la pili: "Kufungwa kwa Ashua kunakuza mgogoro kati ya Sudi na utawala, kwani Majoka anakutumia kama mtego wa kumlazimisha Sudi kuchonga kinyago."

La pili lina hoja, lina ithibati, tena ni fupi. Lifuate: taja hoja, toa mfano kutoka kitabuni, kisha onyesha unavyothibitisha hoja yako.

Katika insha yako

Maarifa haya hayaishii kwenye fasihi. Kabla ya kuandika insha, amua mwisho wako kwanza, kisha uhakikishe kila aya inakusogeza huko. Aya ikiondolewa na insha isipungukiwe na kitu, haikustahili kuwapo. Chunga toni pia: barua ya malalamiko kwa mkuu wa wilaya haiandikwi kwa lugha unayomwandikia rafiki yako.

Zoezi

1. Chagua tukio lolote linalomhusu Tunu. Eleza linavyosababishwa na tukio lililotangulia na linavyosababisha linalofuata. (alama 6)

2. Bainisha toni mbili katika usemi wa Kenga na uzithibitishe. (alama 4)

Jibu bila kufungua kitabu, kisha ukifungue ujisahihishe. Kila sentensi inayosimulia tu, ipigie mstari. Mistari ikizidi hoja, andika upya.