Kitufe Kinachokufa Ukirudi Nyuma

Likizo iliyopita nilimtengenezea mama mdogo ukurasa wa kupokea oda za mchele. Anauza mchele wa Kyela pale Njisi, si mbali na mpaka wa Malawi, na baadhi ya wateja wake wako Mbeya mjini. Nilijaribu ukurasa kwenye laptop, nikaurifreshi weee, kila kitu safi. Siku ya tatu akaniita: "Mwanangu, kitufe chako kimekufa. Mteja kakosea kilo, karudi nyuma arekebishe, hakibonyezeki tena. Kasema atanunua kwingine."

Nikajaribu kwenye simu yangu, kinafanya kazi. Kwenye simu yake, kimeganda kwenye "Inatuma…". Kama na wewe unaunda tovuti za watu ili upate hela ya bando, hili litakukuta. Tulisome.

Kinachotokea

Wengi tunadhani mtu akirudi nyuma, kivinjari kinaupakia ukurasa upya. Siku hizi mara nyingi sivyo. Kivinjari huulaza ukurasa mzima kwenye kumbukumbu ya simu, pamoja na JavaScript yake, kisha huuamsha vilevile ulivyokuwa. Firefox ilianza hivyo mwaka 2005, Safari nayo inafanya, na Chrome ya Android ikafuata mwaka 2020. Faida yake ni kubwa: ukurasa unarudi papo hapo na bando haliliwi.

Tatizo ni kwamba ukurasa ukiamka, tukio la `load` halitokei tena, wala `DOMContentLoaded`. Skripti yangu ilizima kitufe mteja alipobonyeza, ili asitume mara mbili. Nilitegemea ukurasa ukifunguka upya kitajiwasha. Kumbe haukufunguka upya, uliamka tu, kitufe kikiwa kimezimwa.

Na kwa nini simu yangu ilikuwa sawa? Simu ikiishiwa kumbukumbu, kivinjari huutupa ukurasa uliolala, hivyo ukirudi unapakiwa upya na kosa halionekani. Simu yangu ndiyo iliyokuwa dhaifu, ya mama mdogo ilikuwa nzuri zaidi!

Jinsi ya kulikamata

Kwanza, usitegemee kurifreshi. Kurifreshi hupakia upya, kwa hiyo kosa hili hutaliona. Nenda ukurasa mwingine, kisha rudi nyuma.

Pili, tumia http au https. Ukifungua faili moja kwa moja kutoka kwenye folda, Chrome haiulazi ukurasa.

Tatu, hakikisha kwa macho. Weka hii:

`window.addEventListener("pageshow", e => console.log(e.persisted));`

Ikiandika `true`, ukurasa umeamshwa. Ikiandika `false`, umepakiwa upya. Kwa simu ya Android, iunganishe na laptop kwa waya wa USB, washa ruhusa ya USB kwenye mipangilio ya wasanidi, kisha fungua `chrome://inspect`.

Dawa yake

Kazi ya kurudisha hali ya ukurasa iweke kwenye `pageshow`, kwa sababu tukio hilo hutokea ukurasa ukipakiwa na pia ukiamshwa:

```
window.addEventListener("pageshow", e => {
  kitufe.disabled = false;
  kitufe.textContent = "Tuma oda";
  if (e.persisted) angaliaBeiMpya();
});
```

Mstari wa mwisho usiudharau. Ukurasa uliolala unaamka na bei ya zamani, na kama mtu alishatoka kwenye akaunti, unaweza kuamka na taarifa zake. Simu moja ikitumiwa na nyumba nzima, hilo ni jambo zito. Kwa hiyo ukiamka, uulize seva kwanza: bei ni ileile? Mtu huyu bado yumo? Kama hayumo, pakia upya kwa `location.reload()`.

Mwisho, kitufe kikiwa hai tena, mteja anaweza kutuma mara mbili. Ulinzi huo si kazi ya kitufe. Kila oda ipewe namba yake, na seva ikiona namba ileile irekebishe oda iliyopo, isifungue nyingine.

Mama mdogo hakuelewa neno hata moja nilipomweleza haya. Alichukua simu, akaandika kilo 20, akarudi nyuma, akaweka 25, akatuma. Oda ikaonekana moja tu. "Sawa," akasema, "sasa mpigie yule mteja umwombe radhi."

Nilipiga.