MOSHI WA JIKONI NA PUMZI YA MTOTO

Siku ya kupima watoto tunauliza wamama: «Wakati unapika, mtoto huyu anakuwa wapi?» Wengi wanajibu: «Iko mgongoni.» Basi moshi ule unaokutoa machozi, yeye pia anauvuta, na mapafu yake yangali madogo. Hapo kichomi kinapata njia. Shirika la Afya Ulimwenguni, ndilo OMS, lilihesabu kwamba mwaka 2020 moshi wa nyumbani uliua watu karibu milioni 3.2 duniani. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5.

Mtoto wa miezi 2 hadi 12 akipumua mara 50 ao zaidi kwa dakika moja, wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 ao zaidi, ao kifua kikiingia ndani pale chini anapovuta pumzi, usingoje kesho. Mlete.

Huku Kivu ya Kaskazini tunapika na kuni ao makala. Makala mengi ya Goma yanatoka katika miti ya Parke ya Virunga, hata kama sheria inakataza. Tangu mwaka 2007, mradi wa EcoMakala umesaidia wakulima kupanda miti ya makala katika mashamba yao wenyewe, na mjini Goma kuna vikundi vinavyotengeneza mbabula bora. Inje ni bati, ndani ni udongo wa kuchomwa. Udongo unashika moto usipotee pembeni, kwa hiyo makala kidogo inaivisha chakula. Kabla ya kununua, ingiza mkono ndani: udongo ukiwa umepasuka ao unatikisika, rudisha franga zako mfukoni.

Hata mwenye mafiga matatu anaweza kupunguza moshi. Kuni zikauke kabisa, uzipasue ndogo ndogo. Funika sufuria. Loweka maharagi usiku kucha. (Wamama wakubwa wanasema maharagi ya kulowekwa haina utamu. Mimi ninayakula kila juma, sijaona tofauti.)

Sasa tusikilizane vizuri. Makala haina moshi mwingi, ndiyo sababu tunaiamini. Lakini inatoa hewa mbaya isiyo na harufu wala rangi. Mama mmoja alinunua mbabula bora kiisha kusikia fundisho langu. Usiku wa mvua akaiingiza chumbani, sababu mtoto wake alikuwa wa siku nane tu, akafunga mlango na dirisha. Asubuhi majirani walivunja mlango. Mama tulimpatia oksijeni, akaamka. Mtoto, hapana. Katika fundisho lile nilisema mengi juu ya udongo na bati. Juu ya mlango sikusema neno.

Kwa hiyo pikia inje, ao mlango na dirisha vyote viwe wazi. Ukisikia kichwa kinauma ao kizunguzungu, toka mara moja pamoja na watoto. Mbabula isilale ndani, hata ikiwa na majivu tu, kwani chini yake moto ungaliko. Mtoto akisikia baridi, mvue nguo, mvalishe kofia, umlaze kifuani pako ngozi kwa ngozi, mjifunike pamoja blanketi moja.