Mbwa Anapomgeukia Bwana Wake

SOMO LA MWEZI
Someni kwanza: Kutoka 21:28–29, Mithali 12:10, Mithali 26:17



Katika sheria ya Musa imo amri juu ya ng'ombe mwenye kupiga watu kwa pembe. Akimwua mtu kwa mara ya kwanza, mwenye ng'ombe huachiliwa. Lakini ikiwa mwenyewe alikwisha kuonywa kwamba mnyama wake ni mkali, naye asimzuie, hatia ni juu yake.

Kwetu chini ya Mlima Meru, ng'ombe wengi wako bandani wakila majani na migomba. Mnyama anayezunguka uani usiku na mchana, katikati ya watoto, ni mbwa. Tunamfuga atulinde na wezi. Kisha siku moja mbwa yule yule, aliyelelewa nyumbani na anayeitwa kwa jina, anamwuma bwana wake au mtoto wa nyumba. Watu husema, "Amegeuka bila sababu." Mara nyingi sababu ipo, na onyo lilitangulia. Tuangalie sababu hizo moja moja.

1. Maumivu. Mbwa hana kinywa cha kusema kwamba sikio linamwuma. Anaweza kuwa na jino bovu, kidonda kilichofichwa na manyoya, au mguu ulioumizwa na pikipiki. Mtoto akimkumbatia na kugusa mahali pale, mbwa hujikinga kwa meno. Vivyo hivyo mbwa mzee ambaye macho na masikio yake yamepungua nguvu: akishtuliwa usingizini huweza kuuma kabla ya kumtambua aliyemgusa.

2. Hofu. Wako wanaoamini kwamba mbwa akipigwa sana atakuwa mlinzi hodari. Sivyo. Anachojifunza ni kwamba mkono wa mtu huleta maumivu, na iko siku atauwahi mkono huo. Tena, mbwa huzoea watu hasa akiwa mdogo, tangu wiki ya 3 hadi kama wiki ya 14. Kibwana aliyefungiwa peke yake wakati huo, asione watoto wala wageni, aghalabu huwa mwoga akikua, na woga huzaa ukali.

3. Mnyororo. Katika nyua nyingi, kutoka Sakina hata Usa River, mbwa hufungwa mchana kutwa nyuma ya jiko na kufunguliwa usiku. Mbwa aliye huru akiogopa hukimbia. Aliyefungwa hana pa kukimbilia. Amebakiwa na meno tu. Mtoto anayepita karibu na mnyororo huo yu hatarini kuliko mgeni aliye nje ya lango.

4. Chakula na vibwana. Mbwa mwenye njaa aliyepata mfupa wa buchani huona kila anayesogea kuwa mnyang'anyi. Jike aliyezaa naye huwalinda wanawe hata dhidi ya yule anayemlisha.

5. Ugomvi. Mithali inamwonya mtu anayeingilia ugomvi usio wake, ikimfananisha na mwenye kumshika mbwa masikio. Mbwa wawili wakipigana, msiingize mikono. Wamwagieni ndoo ya maji.

Onyo lake ni lipi?

Mbwa haanzi kwa kuuma. Kwanza hugeuza uso, hujilamba midomo, huonyesha weupe wa macho, hukaza mwili. Mkia ukitikiswa huku mwili umekaza, hiyo si furaha. Mwisho hunguruma. Wengi wetu hapo humchapa kwa sababu amenguruma. Tukifanya hivyo tumemfundisha kunyamaza, na safari ijayo atauma bila kunguruma. Akinguruma, mwondoeni mtoto, kisha tafuteni sababu. Wala msitegemee ule usemi kwamba mbwa abwekaye haumi.

Kichaa cha mbwa

Kuna sababu moja iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni ugonjwa. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, hasa katika Afrika na Asia. Hao ni makadirio ya wataalamu, nao wasema kwamba karibu wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu, kupona ni nadra mno.

Mbwa mwenye ugonjwa huu hubadilika. Mpole huwa mkali, na pengine mkali huwa mpole kupita kiasi. Hutafuna vijiti na udongo, sauti yake hubadilika, mate humtiririka, taya hulegea. Hapa ndipo wengi hudanganyika: huona amekwamwa na mfupa kooni, wakamtia mkono kinywani kumsaidia. Msithubutu! Mate yake ndiyo yenye sumu ya ugonjwa.

Mtu akiumwa, au akikwaruzwa hata kidogo, fanyeni hivi:

(a) Osheni kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa dakika 15. Msitie pilipili, mafuta ya taa wala majani.

(b) Mpelekeni hospitali siku ile ile apate chanjo, na arudi kwa kila tarehe aliyopangiwa. Msingoje kuona kama ataugua, kwa maana ugonjwa huweza kukaa mwilini kimya kwa wiki au miezi. Chanjo hii ni ya zamani: Louis Pasteur alimchanja mvulana wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwezi Julai 1885, naye akaishi.

(c) Mwarifuni Bwana Mifugo. Mbwa akiweza kufungiwa bila hatari, asiuawe kwa hasira, bali aangaliwe siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, daktari atajua kwamba hakuwa na kichaa alipouma. Akifa, msimguse kwa mikono mitupu.

Wazazi, neno moja zaidi. Mtoto aliyeambiwa asimchezee mbwa, kisha akaumwa, huficha kidonda kwa kuogopa kiboko. Kidonda kidogo kikapona, na mauti yakabaki ndani. Waambieni watoto leo hii: "Ukiumwa, njoo useme, hutapigwa." Ahadi hiyo yaweza kuokoa maisha.

Wajibu wetu

Mithali yasema kwamba mwenye haki huyajali maisha ya mnyama wake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo yamtaka mwenye mnyama amtunze. Basi mbwa apate chakula, maji, kivuli, na nafasi ya kutembea. Achanjwe kila mwaka. Mahali penye mbwa 70 waliochanjwa katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mkisikia chanjo imetangazwa, wapelekeni wote, hata yule koko anayekula jalalani kwenu.

Ndugu msomaji, ikiwa mbwa wako amekwisha kumngurumia mtoto, umekwisha kuonywa, kama yule mwenye ng'ombe. Usingoje damu.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika kikundi

1. Mbwa wetu hufungwa saa ngapi kwa siku? Nani humpa maji?
2. Alichanjwa lini mara ya mwisho?
3. Je, watoto wetu wanaweza kutuambia kosa au ajali bila hofu?

Sala: Ee Mungu, uliyetupa wanyama tuwatunze, utupe macho ya kuona onyo mapema, na upole kwa vyote vilivyo chini ya mikono yetu; kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.