SOMO LA 14: BENDERA MBILI ZASHUKA PAMOJA



Katika shule nyingi za vijijini bendera ya Taifa hupandishwa asubuhi na kushushwa jioni. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Watoto husimama wima, mpita njia mwenye adabu naye husimama, kisha kila mtu huendelea na shughuli zake.

Lakini upo mpaka mmoja duniani ambako maelfu ya watu husafiri ili kutazama bendera zikishushwa tu. Katika somo hili tutakwenda huko kwa fikra. Soma polepole. Ukikutana na neno gumu, tazama mwisho wa somo.

1. Mahali penyewe

Mpaka huo ni kati ya India na Pakistan. Uko katika barabara kuu ya zamani inayotoka mji wa Amritsar, India, kwenda mji wa Lahore, Pakistan. Kutoka mji mmoja hadi mwingine ni kiasi cha kilomita 50. Kijiji cha upande wa India kinaitwa Attari, na cha upande wa Pakistan kinaitwa Wagah.

Huku na huku ni nchi ya Punjab. Ni tambarare yenye mifereji ya maji. Wakulima wake hulima ngano na mpunga, na watu wa pande zote mbili husema Kipunjabi.

Jina la Punjab si geni Afrika Mashariki. Wengi wa vibarua na mafundi waliojenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, kati ya mwaka 1896 na 1901, walitoka huko. Masingasinga wenye vilemba tunaowaona mijini kwetu, asili yao ni Punjab.

2. Mpaka ulivyochorwa

Kabla ya mwaka 1947 mpaka huu haukuwapo. India na Pakistan zilikuwa nchi moja chini ya utawala wa Waingereza. Ulipokaribia uhuru, iliamuliwa nchi igawanywe. Sehemu zenye Waislamu wengi ziwe Pakistan, na zilizobaki ziwe India.

Kazi ya kuchora mstari alipewa mwanasheria wa Kiingereza, Cyril Radcliffe. Bwana huyu hakuwa amewahi kufika India. Alifika tarehe 8 Julai 1947, akapewa muda wa wiki tano hivi. Alitumia ramani na hesabu za watu. Pakistan ilipata uhuru tarehe 14 Agosti, na India tarehe 15 Agosti. Mstari ulitangazwa tarehe 17 Agosti. Maana yake ni kwamba kwa siku mbili watu walisherehekea uhuru bila kujua kijiji chao kiko nchi gani.

Mstari ulikata Punjab katikati. Waislamu walikimbilia magharibi. Wahindu na Masingasinga walikimbilia mashariki. Walikwenda kwa miguu, kwa magari ya ng'ombe na kwa treni. Zaidi ya watu 12,000,000 walihama makwao. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliouawa katika ghasia hizo ni kati ya 200,000 na 2,000,000. Wengi wao walipita barabara hii ya Wagah na Attari.

Tangu hapo nchi hizi mbili zimepigana vita mara kadhaa, zikiwemo vita kubwa za mwaka 1965 na 1971.

3. Jioni mpakani

Sherehe ya kushusha bendera ilianza mwaka 1959. Hufanywa kila siku kabla ya jua kutua. Tuseme leo nawe umefika, upande wa Attari, katika siku za amani.

Kwanza utapekuliwa. Mizigo hairuhusiwi kuingia, hata mkoba mdogo. Kisha utapanda kwenye ngazi za kukalia, kama za uwanja wa mpira. Mbele yako kuna barabara, na mwisho wa barabara kuna malango mawili ya chuma. Moja ni la India, jingine ni la Pakistan. Ng'ambo ya malango utaona watu wengine wengi wamekaa kwenye ngazi kama wewe, wanakutazama.

Nyimbo zinapigwa kwa vipaza sauti. Wanawake na wasichana wanashuka barabarani, wanakimbia na bendera na kucheza ngoma. Mtu mmoja anaongoza umati kupaza sauti: "Hindustan zindabad!" Ng'ambo nao wanajibu: "Pakistan zindabad!" Neno zindabad maana yake ni "idumu".

Sasa wanatoka askari. Wale wa India ni Kikosi cha Ulinzi wa Mpaka. Wamevaa kaki, na vilemba vyenye shungi lililotanuka kama upepeo. Wale wa Pakistan ni kikosi cha Rangers. Wamevaa nguo nyeusi, nao wana shungi kama hilo. Wanatembea mbiombio kuelekea langoni. Wanarusha mguu juu hadi usawa wa paji la uso, kisha wanaukita chini kwa kishindo. Wanakunja ngumi na kutoa macho. Mgeni anaweza kudhani kwamba sasa hivi watashikana.

Malango yanafunguliwa. Tarumbeta inalia. Askari wanashika kamba za bendera. Hapa umati unanyamaza.

Bendera zinaanza kushuka. Zote mbili zinashuka kwa wakati mmoja na kwa mwendo mmoja. Kamba zimefungwa mshazari, hivyo bendera zinapishana hewani. Hakuna inayotangulia, wala inayochelewa. Zinafika chini pamoja, zinakunjwa, zinachukuliwa. Mkubwa wa askari wa kila upande anatoka mbele, wanapeana mikono haraka sana, na malango yanafungwa kwa kishindo. Sherehe yote imechukua kama dakika 45.

4. Hasira iliyopangwa

Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Je, bendera mbili zinawezaje kufika chini pamoja kila siku, ikiwa wenye bendera ni maadui?

Hata saa zao hazilingani. Saa ya India iko mbele ya saa ya Pakistan kwa dakika 30. Ukisimama langoni, saa ya askari wa upande huu inasema saa kumi na mbili jioni, na ya mwenzake aliye hatua chache tu inasema saa kumi na moja u nusu. Lakini jua lao ni moja, na tarumbeta lazima ilie pamoja.

Basi jibu ni kwamba wamekubaliana. Kila hatua, kila teke na kila mvuto wa kamba una mahali pake. Bendera moja ikishuka kwanza, itaonekana imeinamia nyingine. Kwa hiyo pande zote mbili zinafanya mazoezi ili pasiwe na mshindi. Hasira ile tunayoiona imepangwa. Mwaka 2010 makamanda waliona kwamba vitisho vimezidi, wakapunguza baadhi yake.

Si kila kitu hapo hupangwa pamoja. Mwaka 2017 India ilisimamisha mlingoti mwingine wa bendera wenye urefu wa mita 110. Mwaka huohuo Pakistan ikasimamisha wa mita 122. Mwaka 2023 India ikaongeza tena, ikafikia mita 127. Milingoti hii si ile ya sherehe, na haina makubaliano.

5. Wanaoishi mpakani

Sherehe ikiisha, watazamaji hurudi mjini. Wakulima hubaki.

Katika Punjab, India ilijenga uzio wa seng'enge katika miaka ya 1980 na 1990. Uzio haukuwekwa juu ya mstari wenyewe, bali ndani kidogo ya ardhi ya India. Kwa hiyo mashamba ya wakulima wengi wa India yalibaki ng'ambo ya uzio. Mkulima wa huko hupita langoni kwa kitambulisho, kwa saa zilizowekwa, chini ya ulinzi wa askari. Mazao marefu hayaruhusiwi, kwa sababu mtu anaweza kujificha ndani yake.

Wapo pia wapagazi na madereva waliokula kwa jasho la biashara ya mpakani. Mwaka 2019 biashara kati ya nchi hizi mbili ilisimamishwa, na kazi zao zikapotea.

Tarehe 2 Novemba 2014 mtu aliyejifunga bomu alijilipua upande wa Wagah, wakati watazamaji wakitoka. Watu wapatao 60 walikufa. Kesho yake Wapakistani wengi walikuja tena kutazama bendera ikishushwa.

6. Mkono usiotolewa

Tarehe 22 Aprili 2025 watu 26 waliuawa kwa risasi huko Pahalgam, katika sehemu ya Kashmir inayotawaliwa na India. India iliilaumu Pakistan, nayo Pakistan ikakana. Siku mbili baadaye India ilipunguza sherehe. Malango yasifunguliwe, na makamanda wasipeane mikono. Mwezi Mei nchi hizo zilipigana kwa siku nne, hadi tarehe 10. Baadaye mwezi huohuo watazamaji wa upande wa India waliruhusiwa kurudi. Bendera zilishushwa huku malango yamefungwa.

Ule mkono wa sekunde moja, ambao watu waliuona ni mchezo, sasa ulionekana thamani yake. Ulikuwa ni ishara kwamba wakubwa wa pande zote bado wanasemezana.

Mipaka mingi ya Afrika nayo ilichorwa na wageni. Mwezi Julai 1964, mjini Cairo, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana kuheshimu mipaka waliyoikuta wakati wa uhuru. Walijua kwamba kuanza kuichora upya kungeleta damu. Makubaliano kama hayo yanahitaji kutunzwa, iwe kati ya nchi na nchi, kijiji na kijiji, au shamba na shamba.

MANENO MAPYA
mshazari – kwa kukatiza upande, si wima
shungi – kishada kinachosimama juu ya kichwa au kilemba
seng'enge – waya wa kujengea ua
mlingoti – nguzo ya kupandishia bendera
kukana – kusema kwamba hukufanya jambo

MASWALI
1. Nani alichora mpaka wa India na Pakistan? Alipewa muda gani?
2. Kwa nini bendera mbili hushushwa kwa mwendo mmoja?
3. Hesabu: Saa ya Wagah ikiwa saa kumi na robo, saa ya Attari ni ngapi?
4. Mlingoti wa mwaka 2023 unauzidi ule wa Pakistan wa 2017 kwa mita ngapi?

YA KUJADILI KIKUNDINI
Taja mpaka wa shamba au kijiji ulioleta ugomvi kwenu. Nani aliuweka? Je, wenye ugomvi bado wanasalimiana? Kama wameacha, nani katika kijiji anaweza kuwaanzisha tena?