Fundi wa Gari na Amana ya Shauri

Katika darasa letu limeletwa suala, nalo lataka jawabu refu kidogo. Ndugu mmoja ana gari ambalo lilikuwa likipanda joto kila akikaa katika foleni ya feri ya Likoni. Akalipeleka gereji, akaambiwa kwamba gasketi ya kichwa cha injini imeungua na kwamba hapana budi injini ifunguliwe. Akasema: "Fungua." Akatoa fedha nyingi, na siku ya tatu gari likapanda joto vile vile. Fundi wa pili akabadilisha themostati, yaani kile kifaa kidogo kinachoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta, na maradhi yakaisha. Sasa auliza: Je, nimedhulumiwa? Fedha zangu nizidai vipi? Na je, yanijuzu kuwaambia watu kwamba gereji ile ni ya wezi?

Kabla ya kujibu yapasa tuijue kazi yenyewe ya fundi. Mwenye gari haendi gereji kununua spea tu. Kwanza huenda kutaka shauri, kwa kuwa yeye hajui ndani ya injini mna nini. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye kutakwa shauri ni mtu aliyepewa amana. Basi fundi ana amana mbili mkononi, ya gari na ya neno lake, na hii ya pili ndiyo nzito zaidi, kwani ni yeye atakayelipwa kwa kazi ile aliyoishauri mwenyewe. Tabibu ashauriye dawa inayouzwa dukani kwake yumo katika mtihani huo huo.

Jambo hili si geni kwa maulamaa wetu. Abdulrahman al-Shayzari, wa karne ya 6 ya Hijra, aliandika kitabu juu ya kazi ya muhtasibu, yule msimamizi wa masoko aliyekuwa akikagua mizani, vyakula na mafundi. Humo amewataja na mabaitari, wenye kupiga farasi viatu na kuwatibu wanyama. Amesema kwamba utabibu wao ni mgumu kuliko wa binadamu, kwa kuwa mnyama hana ulimi wa kueleza maumivu yake. Na gari pia halina ulimi. Yule aliyeambiwa gasketi imeungua hawezi kuiuliza injini yake kama ni kweli. Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono katika fungu la chakula akakuta majimaji chini yake, alimlaumu mwenye kuuza kwa kuuficha unyevu usionekane na watu. Lakini katika gari ni mkono wa fundi peke yake ufikao ndani, na mnunuzi hana wa kumtilia mkono huo.

Ama je, ndugu yetu amedhulumiwa? Jawabu letu ni kwamba hatujui, na yeye pia bado hajui. Twaomba asitukasirikie. Katika Suratul Hujurat Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametuamrisha kujiepusha na dhana nyingi, na ametuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Gari hupanda joto kwa sababu nyingi: maji kupungua, mfuniko wa rejeta kulegea, mpira wa maji kupasuka, feni kutozunguka, rejeta kuziba, pampu ya maji kufa, themostati kukwama, na gasketi kuungua. Tena sababu mbili zaweza kukutana. Themostati ikikwama, injini hupata moto wa kupita kiasi, na moto huo waweza kuiunguza gasketi. Basi yamkini fundi wa kwanza alitengeneza kitu kilichoharibika kweli, akaacha chanzo chake. Huo ni upungufu wa kazi, nao si sawa na uwongo.

Liko lakini suala moja la kumuuliza, nalo lingetosha kuupambanua ukweli tangu siku ya kwanza: "Ulijuaje?" Gasketi ya kichwa ikiungua ina dalili zake. Maji hupungua na hapana mahali yanapovuja nje. Moshi mweupe huendelea kutoka hata injini ikisha kupata moto. Mafuta ya injini hugeuka rangi yakawa kama chai ya maziwa. Mapovu hupanda katika rejeta. Na kiko kipimo cha mgandamizo wa injini ambacho fundi yeyote wa maana anacho au anajua pa kukipata. Aliyesema "gasketi" na asionyeshe hata dalili moja, ama hajui kazi ama hataki ujue. Wala usitishwe na ile mashine inayosoma kompyuta ya gari. Mashine huonyesha upande wenye kasoro, na mara nyingi haisemi ni kitu gani hasa kilichokufa. Yabaki juu ya fundi kupima.

Na asiyejua kazi naye hana udhuru. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba mwenye kujifanya tabibu, naye hajulikani kwa utabibu, hudhamini alichokiharibu. Kwa kipimo hicho, kijana aliyekaa gereji miezi miwili kisha akatundika kibao cha fundi wa injini, akiharibu gari la mtu atalilipa. Ama fundi ajulikanaye kwa kazi yake, akajitahidi na kupima kisha akakosea, huyo ana hukumu nyingine.

Na hapa pana mas'ala katika fiqhi ya madhehebu yetu ya Shafi ambayo twataka kila mwenye gari ayahifadhi. Mtu alimpa mshoni nguo akamwambia: "Ikiwa yanitosha kanzu, ikate." Akaikata, isitoshe. Mshoni atalipa upungufu wa nguo, kwa kuwa ruhusa aliyopewa ilifungwa na sharti, na sharti halikupatikana. Mtu mwingine alimuuliza mshoni: "Je, yanitosha kanzu?" Akajibiwa: "Naam." Akasema: "Basi ikate." Ikakatwa, isitoshe. Huyu hapati kitu, kwa kuwa neno lake la mwisho lilikuwa ruhusa tupu isiyo na sharti.

Tazama tafauti ya maneno haya mawili ilivyo ndogo, na tafauti ya hukumu ilivyo kubwa. Ndugu yetu aliambiwa gasketi imeungua, naye akasema "Fungua." Ameingia katika sura ya pili. Lau angalisema: "Ikiwa imeungua kweli, na ukanionyesha, fungua, ikiwa siyo, usiguse," angalikuwa na haki ya kudai leo bila ya kuhitajia kuthibitisha nia ya fundi. Sasa hana ila kuthibitisha kwamba fundi hakuwa mjuzi wa kazi aliyojitia, au kwamba alijua ukweli akasema uwongo. Likithibiti hili la uwongo, ile ni khiyana, na fedha zile si halali kwa fundi mpaka azirudishe. Dalili ni juu ya mwenye kudai, na mwenye kukanusha ana kiapo. Ile gasketi ya zamani ingalikuwa shahidi mwema, na bahati mbaya hakuitaka. Atakaye kutengeneza gari na aseme mapema: "Kila kitu utakachokiondoa nirudishie."

Fundi akidai kazi ambayo mwenye gari asema hakuiagiza, Imam Nawawi katika Minhaji ametaja mfano wake: mshoni asema "uliniagiza joho," mwenye nguo asema "niliagiza kanzu." Kauli iliyo na nguvu ni kwamba husadikiwa mwenye nguo kwa kiapo chake, na ujira haumpasi. Lakini kwa nini tufikishane kwenye viapo? Ile ada yetu ya "tengeneza tu, tutaelewana" ni mlango wa fitina, kwa kuwa ujira usiojulikana huiharibu ijara. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara kuyaandika madeni, nasi twaona haya kumwambia fundi aandike bei kwenye kikaratasi!

Sharia ya nchi nayo haiko mbali na hayo. Sharia ya Kenya ya mwaka 2012 ya kuwalinda wanunuzi ina sehemu mahsusi juu ya matengenezo ya magari: makadirio ya gharama kabla ya kazi, idhini ya mwenye gari, na kurudishiwa vitu vilivyoondolewa. Basi ndugu yetu na arudi gereji kwa adabu, achukue na maneno ya fundi wa pili kwa maandishi, na atake sulhu. Akikataliwa, iko mahakama ya madai madogo, iliyowekwa kwa sharia ya mwaka 2016, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Kwa Kadhi asende, kwani Katiba imemwekea Kadhi mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi tu.

Ama kuwaambia watu, Imam Nawawi ametaja katika Riyadhus Salihin mahali sita ambapo kumsema mtu hakuwi ghiba iliyoharamishwa. Miongoni mwake ni aliyedhulumiwa kumshitakia mwenye uwezo wa kumpa haki yake, na kuwatahadharisha Waislamu na shari. Kwa hivyo mtu akikutaka shauri juu ya gereji ile, mweleze yaliyokupata: nililipa kadha, nikaambiwa hivi, gari likapona kwa themostati. Koma hapo. Kusema "ni wezi wale" hujakuthibitisha, na likiwa si kweli ni buhutani. Na kulitupa neno hilo katika makundi ya simu, lisomwe na watu mia ambao hawakukuuliza, kisha uje kugundua kwamba gasketi ilikuwa imeungua kweli, utalifuta vipi?

Wengine huchagua gereji kwa kuwa mwenyewe husali safu ya kwanza. Ni vyema kumpenda mwenye kusali, lakini alama ya sijda haitengenezi giaboksi. Muulize anajua nini, na wenye magari wasemaje juu ya kazi yake. Tena tusiwaelemee mafundi peke yao. Wako madereva ambao hupeleka gari la tajiri gereji wakagawana faida na fundi, na wako wanaotaka risiti iandikwe shilingi elfu kumi kwa kazi ya elfu sita wapate kuidai ofisini. Fundi ambaye ameandika risiti hiyo kwa kukuridhisha wewe, kesho utamwamini vipi akikwambia kwamba breki zimekwisha?

Wallahu aalam.