Kufundisha Historia kwa Kulisoma Jengo: Mfano wa Kasri la Iolani, Hawaii

Utangulizi

Katika somo la historia, aghalabu mwanafunzi huandikishwa orodha ya tarehe, akaikariri hata siku ya mtihani, kisha akaisahau. Tunapendekeza mwalimu achague jengo moja, na darasa lilisome chumba kwa chumba kama lisomavyo hati. Mfano wetu ni Kasri la Iolani, mjini Honolulu katika kisiwa cha Oahu, Bahari ya Pasifiki. Jengo hilo moja lilipata kuwa makao ya mfalme, gereza la malkia na ukumbi wa bunge.

Shabaha

Mwisho wa somo mwanafunzi aweze kueleza jinsi madaraka yalivyohama Hawaii kati ya 1882 na 1969, na kutoa ushahidi kutokana na matumizi ya vyumba.

Vifaa

Ramani ya Pasifiki, na mchoro ubaoni wenye majengo mawili yanayotazamana: Kasri la Iolani na Aliiolani Hale.

Maelezo kwa mwalimu

Mfalme Kalakaua alikamilisha kasri mwaka 1882. Wakati huo bunge la ufalme lilikutana ng'ambo ya barabara, katika Aliiolani Hale, jengo lililofunguliwa mwaka 1874. Mfalme upande huu, watunga sheria upande ule: wanafunzi wauone mpango huo kwanza.

Tarehe 17 Januari 1893, kikundi kilichoongozwa na wafanyabiashara na mawakili wa asili ya kigeni, huku askari wa Marekani wakiwa wameteremka mjini, kilimpindua Malkia Liliuokalani. Tangazo lilisomwa mbele ya Aliiolani Hale. Baadaye mwaka huohuo serikali mpya ilihamia katika kasri na kulibadili jina likawa Jengo la Utendaji. Mwaka 1895, baada ya jaribio la kuurejesha ufalme kushindwa, malkia alishtakiwa kuwa alijua njama za uhaini asizifichue. Alihukumiwa katika chumba kilichokuwa cha kiti chake cha enzi, akafungiwa orofani karibu miezi minane. Humo alishona, pamoja na wenzake, mfarishi wa vipande vya nguo ambao umehifadhiwa hata leo.

Marekani iliitwaa Hawaii mwaka 1898. Kuanzia utawala mpya wa 1900, wawakilishi walikutana katika chumba cha enzi, na maseneta katika chumba cha kulia cha mfalme. Hapa mwalimu asiharakishe. Katika uchaguzi wa kwanza, chama cha wenyeji kilipata viti vingi. Ingawa sheria iliagiza shughuli za bunge ziendeshwe kwa Kiingereza, wabunge wengi katika kikao cha 1901 walisema Kihawaii. Chumba alimohukumiwa malkia kikasikia tena lugha yake.

Hawaii ikawa jimbo kamili mwaka 1959. Bunge lilihamia jengo jipya, nyuma ya kasri, mwaka 1969. Jengo hilo limezungukwa na vidimbwi mfano wa bahari, na kumbi zake zina umbo la volkano. Kasri lilikarabatiwa, likafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1978.

Hatua za kufundishia

1. Mwalimu aonyeshe mchoro na kuuliza: nani aliishi hapa, na nani alitunga sheria pale?

2. Darasa ligawanywe katika makundi manne: 1882, 1893–1895, 1901 na 1969. Kila kundi liandike juu ya mchoro wake nani aliingia kwa haki, nani kwa nguvu, na nani alizuiwa kutoka.

3. Makundi yalinganishe michoro. Mwalimu asitoe jibu kabla ya mjadala kwisha.

Maswali

(a) Kwa nini waliompindua malkia walihamia katika kasri lake badala ya kubaki Aliiolani Hale?

(b) Je, viti vya wenyeji katika bunge la 1901 viliwarudishia nchi yao?

Swali la pili halina jibu jepesi, nasi tunalithamini kwa sababu hiyo. Mwaka 1993 Bunge la Marekani lilipitisha, na Rais Clinton akatia sahihi, azimio la kuwaomba radhi Wahawaii wenyeji kwa mapinduzi yale. Lakini azimio halikuurudisha ufalme. Mwanafunzi ajifunze kupima: kukaa katika chumba cha sheria ni jambo moja, kuwa mwenye nyumba ni jambo jingine. Akishalielewa hilo, apelekwe kwenye jengo la serikali lililo karibu na shule yake, akalisome vivyo hivyo.