Dondoo muhimu: Sola na mita kwenye Home Assistant

Kabla ya kusoma umeme wa nyumba yako kwenye simu kwa Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani:

1. Usifungue mita ya LUKU. Lakiri si yako. Kihisi cha umeme kifungwe baada ya mita, na fundi umeme, swichi kuu ikiwa imezimwa.
2. Kihisi cha kubana kizunguke waya wa laivu peke yake. Ukibana laivu na nyutro pamoja kitasoma sifuri, nawe utalaumu programu bure.
3. Mshale wa kihisi ukitazama kinyume, umeme unaoununua utaonekana unauuza. Kigeuze.
4. Inveta haijibu kwa waya wa mawasiliano wa RS485? Badilishanisha waya A na B kwanza.
5. Dashibodi ya nishati inataka kipimo cha nishati, kama kWh, si wati peke yake. Wengi hukwama hapa.
6. Kama inveta imeunganishwa kwa mtandao wa nyumbani, ipe anwani ya IP isiyobadilika.